Simuleta ya prosesa inakufa kwenye mashine 11 kati ya 24, nyingine inapeta tu

RejistaSifuri, Mtwara

Wakuu habari za jioni. Naomba macho ya ziada kwenye hili.

Kuna simuleta ya prosesa ya RISC-V (RV32IM) iliyoandikwa kwa C, mistari kama 4,000, inatumika kufundishia usanifu wa kompyuta kwenye maabara moja hapa Mtwara. Ina injini mbili. Ya kwanza inasoma amri moja moja na kuitekeleza ndani ya switch kubwa. Ya pili inatafsiri kipande cha programu ya mgeni (yaani programu ya RISC-V inayoigizwa; mashine halisi inayoiendesha ni mwenyeji) kuwa amri za x86, yaani za prosesa za Intel na AMD, inazipanga kwenye bafa, kisha inazirukia. Memori ya mgeni ni GB 4 zinazoombwa kwa mmap (wito wa kuomba memori kwa keneli, kiini cha Linux) mara moja, ili anwani yoyote ya biti 32 iangukie ndani. Ramu halisi ya mgeni ni MB 128 kuanzia 0x80000000. Kwingineko kote kunafungwa kwa mprotect, wito wa kubadilisha ruhusa za memori. Mgeni akigusa palipofungwa, simuleta inaishika SIGSEGV (ishara ya kugusa memori isiyoruhusiwa), inaandika "anwani mbovu" na kuendelea na kazi.

Faili ni moja kwa wote. Limekompailiwa kwenye laptop ya Core i5-8250U kwa `-O2 -march=native`, likahamishwa kwa flashi kwenda mashine zote 24. Zote ni Ubuntu 22.04 ya biti 64. Hali iko hivi:

OptiPlex 780 (Core 2 Duo E8400, ramu GB 2, swap, yaani diski inayosaidia ramu, GB 1), ziko 7: inakufa kabla haijaandika hata herufi moja.

HP za Pentium G2020, ramu GB 4 na swap GB 2, ziko 3: vile vile.

Dell za Core i5-4570, ramu GB 8, ziko 13: hakuna tatizo.

Laptop mpya ya Core i5-1135G7, moja: majaribio yote yanapita isipokuwa lile la anwani mbovu. Hapo inakata na "Segmentation fault".

Halafu kuna kituko cha pembeni: zoezi la kukokotoa wastani wa uzito wa magunia ya korosho ghalani linaua simuleta kwenye mashine zote zinazowaka vizuri, hata zile 13, lakini pale tu faili la mizani likiwa tupu.

Nimeshasakinisha Ubuntu upya kwenye 780 mbili, nimejaribu injini ya kwanza badala ya ya pili, hakuna kilichobadilika. Tumezoea mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni akibisha hodi tu, mwenyeji chali. Nianzie wapi?

Fundi_Soketi, Mtwara

Mkuu, anzia kwenye ramu. Mashine za mtumba zilizokaa karibu na bahari, hewa ya chumvi inakula meno ya ramu taratibu. Chomoa, sugua meno kwa ufutio wa penseli mpaka yang'ae, rudisha, kisha washa memtest86+, programu ya kupima ramu, ilale usiku kucha. Angalia na pasta ya prosesa, ikishakauka joto la huku halina huruma.

kusi_kaskazi, Lindi

Fundi, heshima yako, lakini ramu mbovu haichagui modeli. Saba kwa saba na tatu kwa tatu, zote mahali pamoja, hiyo si chumvi. Ramu mbovu inaua leo hapa kesho kule.

RejistaSifuri, kabla ya kubadilisha chochote, pima mambo mawili. La kwanza, je, inakufa kwa namna ile ile kila mara? La pili, inakufa kwa ishara gani? Neno "inakufa" limebeba magonjwa yasiyohusiana kabisa. Endesha hii kwenye kila aina ya mashine:

`for i in $(seq 20); do ./rvsim jumla.elf >/dev/null 2>&1; echo $?; done | sort | uniq -c`

Namba itakayotoka ni 128 kujumlisha namba ya ishara. 132 ni SIGILL, prosesa imepewa amri isiyoijua. 136 ni SIGFPE, na usidanganywe na jina lake, kwa kawaida ni mgawanyo wa namba nzima. 139 ni SIGSEGV. 137 ni SIGKILL, na kwenye mashine yenye ramu GB 2 mara nyingi ni keneli yenyewe imeamua kumtoa mtu kafara memori ilipoisha. Ukipata namba moja mara 20, ni kosa la programu. Ukipata mchanganyiko, hapo ndipo tumwite Fundi na ufutio wake.

Baada ya hapo `sudo dmesg | tail` utaona keneli imeandika mstari wake. "trap invalid opcode" ni ya kwanza, "trap divide error" ni ya pili, na "segfault at" inafuatiwa na anwani iliyoguswa. Tuletee hiyo mistari kama ilivyo, usiifupishe.

RejistaSifuri, Mtwara

Asante mkuu. Matokeo:

780 sita: 132, mara 20 kwa 20. Ya saba (tunaiita namba 17): 132 mara 18, 139 mara 2.

G2020: 132, mara 20.

i5-4570 na mizani tupu: 136, mara 20. Mizani ikiwa na data: 0.

i5-1135G7, jaribio la anwani mbovu: 139, mara 20.

MvuviWaBiti, Mikindani

Safi, sasa kuna cha kushika. Una matatizo manne yaliyovaa kanzu moja, pengine matano. Tuanze na 132 kwa sababu linaficha mengine yaliyo nyuma yake.

Mhalifu ni `-march=native`. Swichi hiyo inamwambia kompaila: tumia kila amri iliyopo kwenye prosesa ya mashine hii ninayokompailia. i5-8250U ina AVX2 na BMI2, makundi ya amri za ziada (AVX na SSE ni za aina hiyo pia). E8400 haina AVX kabisa, wala SSE4.2. Hakikisha mwenyewe kwa gdb, zana ya kusaka makosa, kwenye 780 moja:

`gdb --args ./rvsim jumla.elf`

andika `run`, ikisimama andika `x/i $pc` kisha `x/4xb $pc`. Natarajia uone kitu kama:

`vpxor %xmm0,%xmm0,%xmm0`
`0xc5 0xf9 0xef 0xc0`

Tazama baiti ya kwanza. Kwenye msimbo wa biti 64, amri inayoanza na c5 au c4 ina kiambishi cha VEX, yaani ni AVX au ndugu zake BMI. Ikianza na 62 ni EVEX, hiyo ni AVX-512. Ukizoea baiti hizi tatu huhitaji hata kusoma jina la amri. Na mahali penyewe pataonyesha kwa nini haiandiki hata herufi: kompaila imetumia vpxor kusafisha muundo wa rejista za mgeni mwanzoni kabisa mwa programu.

Watu wengi wanajikwaa kwenye G2020. Ilitoka 2013, kizazi cha Ivy Bridge, na Core i3 za kizazi hicho hicho zina AVX. Lakini Intel iliziondolea Pentium na Celeron za wakati huo amri za AVX makusudi. Kwa hiyo usikadirie kwa mwaka wala kwa stika iliyo mbele ya kasha. Uliza prosesa:

`grep -owE 'sse4_2|popcnt|avx|avx2|bmi2|avx512f' /proc/cpuinfo | sort -u`

Dawa: kwenye Makefile weka `-march=x86-64`. Kuna atakayekushauri `-march=x86-64-v2` kwa sababu inasikika ya kisasa. Itapita kwenye G2020, itaua E8400, kwani v2 inadai SSE4.2 na POPCNT. Kisha `make clean` kabla ya `make`. Hili la clean si adabu tu: make inaangalia saa za mafaili, haiangalii swichi. Ukibadilisha swichi bila kufuta .o (mafaili ya kati ya kompaila) za zamani, unaunganisha upya msimbo ule ule wenye sumu na kuapa kwamba dawa haifanyi kazi.

Halafu nadhani 132 itarudi, safari hii kwenye injini ya pili. Hapo usimguse kompaila, hausiki. Tuonyeshe injini yako inaandika nini kwa amri ya SLL, ile ya kusogeza biti kushoto.

RejistaSifuri, Mtwara

Umepiga mulemule. vpxor, baiti zile zile nne, ndani ya andaa_prosesa. Nimebadilisha, nimefuta .o, nimekompaili upya.

Sasa G2020 inawaka na kufanya kazi, inakufa 132 ikifika jaribio la sll.elf, kwenye injini ya pili tu. gdb inaonyesha `??` badala ya jina la fankisheni. Baiti ni c4 e2 71 f7 c3.

780 sasa ni 139 papo hapo, injini zote mbili. dmesg:

`rvsim[2214]: segfault at 7fffffff ip ... sp ... error 6 in rvsim[...]`

MvuviWaBiti, Mikindani

`??` maana yake pc (anwani ya amri inayotekelezwa) iko nje ya faili, ndani ya bafa ya injini ya pili. Ukiandika `info proc mappings` utaiona anwani hiyo kwenye eneo lisilo na jina la faili. Msimbo huo umeuandika wewe, si kompaila.

c4 e2 71 f7 c3 ni `shlx %ecx,%ebx,%eax`, amri ya BMI2: chukua ebx, isogeze kushoto kwa ecx, weka kwenye eax. Ni nzuri kwa sababu haigusi bendera (biti zinazohifadhi matokeo ya ulinganisho) na haikulazimishi kutumia cl. Ila kwa Intel imeanza na kizazi cha Haswell. i5-4570 ni Haswell, ndiyo maana hizo 13 hazikulalamika. Iandike kizamani:

`89 d8` ni mov %ebx,%eax
`d3 e0` ni shl %cl,%eax

Kinyume na hofu ya wengi, huhitaji kukata biti za ecx kwanza. RV32 inataka biti 5 za chini za rs2, na shl ya biti 32 kwenye x86 inatumia biti 5 hizo hizo. Zinalingana bila kazi ya ziada. SRL na SRA, za kusogeza kulia, ukiziandika kwa shrx na sarx, nazo zina ugonjwa huo huo, zibadilishe pamoja: d3 e8 na d3 f8.

Kuna mitego miwili. Njia ya zamani ni baiti 4, ya BMI2 ni baiti 5. Kama injini yako inakokotoa umbali wa kuruka kwa kudhani urefu maalumu, ongeza 90, yaani nop, la sivyo miruko yote inayofuata itatua baiti moja kando na utaanza kuona makosa yasiyo na kichwa wala miguu. Mtego wa pili: shl inabadilisha bendera. Kama kati ya cmp (amri ya kulinganisha) na jcc (mruko unaosoma bendera) unaruhusu amri nyingine za mgeni ziingie, sogeza cmp ikae jirani na jcc yake.

Ukitaka kubaki na shlx kwa mashine mpya, uliza mara moja mwanzoni kwa `__builtin_cpu_supports("bmi2")`, hifadhi jibu, kisha chagua. Binafsi nisingehangaika. Kwa simuleta ya darasani tofauti ya kasi hutaiona.

Hii 7fffffff namwachia kusi, naona amekaa mkao wa kula.

kusi_kaskazi, Lindi

Haha, nimeiona toka mbali. Hesabu hii ni ya vidole: 0x80000000 toa 1 ni 0x7fffffff. Ramu ya mgeni inaanzia 0x80000000. Kwa hiyo anwani ya msingi ya memori ya mgeni ni -1. Na -1 ndiyo MAP_FAILED. mmap ikikataa hairudishi NULL, inarudisha -1, na ninaweka dau kwamba msimbo wako unasema:

`if (msingi == NULL) kufa("memori");`

Sharti hilo halitimii kamwe, programu inaendelea kwa raha, inapakia baiti ya kwanza ya programu ya mgeni na kuangukia 0x7fffffff. "error 6" inathibitisha: ni kuandika, kutoka programu ya kawaida, kwenye ukurasa usiokuwepo. Ingekuwa 4 ingekuwa kusoma.

Kwa nini imekataa? Endesha:

`strace -e trace=mmap,mprotect ./rvsim jumla.elf`

utaona mmap ya 4294967296 yenye PROT_READ|PROT_WRITE ikirudi -1 ENOMEM, yaani memori haitoshi. Linux kwa mpangilio wake wa kawaida (vm.overcommit_memory ikiwa 0) inakubali kukopesha zaidi ya ilichonacho, lakini ombi moja likizidi ramu yote pamoja na swap yote inalikataa palepale. 780 zina GB 2 na 1, jumla 3. Unaomba 4. G2020 ina 4 na 2, inapita. Hapo ndipo mashine zako zinapotengana, na haihusiani na prosesa hata kidogo.

Usikimbilie kuongeza swap wala kugusa vm.overcommit_memory, ni kuziba paa kwa gazeti. Geuza mpangilio: omba GB 4 zote kwa PROT_NONE, kisha fungua kwa mprotect zile MB 128 tu. Eneo lisiloandikika halihesabiwi kama deni, kwa hiyo keneli inakupa bila kelele hata kwenye mashine ya GB 1. Wewe sasa hivi unafanya kinyume, unafungua nyumba nzima halafu unazunguka kufunga vyumba.

Na kila mmap ilinganishwe na MAP_FAILED. Kila moja, hata ile ya bafa ya injini ya pili.

RejistaSifuri, Mtwara

Ni kweli, ilikuwa == NULL. Nimegeuza kama ulivyosema. 780 sita zinapita majaribio yote sasa, G2020 zote tatu pia, baada ya kuondoa shlx, shrx na sarx. Nilikuwa na urefu maalumu kweli, nop imesaidia.

Imebaki laptop ya 1135G7, na magunia.

MvuviWaBiti, Mikindani

Magunia kwanza, ni mepesi. Wastani ni jumla gawanya kwa idadi. Mizani tupu, idadi ni 0. Mgeni anatekeleza DIV kwa 0, na wewe umeandika `a / b` kwa C, kompaila ikaweka idiv, na idiv ya x86 ikipewa 0 inapiga SIGFPE. Ila RISC-V haipigi kelele kwenye mgawanyo. Kanuni zake ziko wazi:

DIV kwa 0: jibu ni -1. DIVU kwa 0: 0xffffffff. REM na REMU (amri za baki) kwa 0: jibu ni kigawanywa chenyewe.

Kuna kesi ya pili ambayo haipo kwenye majaribio yako: 0x80000000 gawanya kwa -1. Jibu halitoshi kwenye biti 32 na x86 inapiga SIGFPE vile vile. RISC-V inataka jibu liwe 0x80000000 na baki 0. Njia fupi ni kugawanya kwa biti 64:

`if (b == 0) r = -1; else r = (int32_t)((int64_t)a / b);`

Kwa biti 64 kesi ya pili inajimaliza yenyewe. idiv ya biti 64 ni nzito kwenye prosesa za zamani kama E8400, kwa hiyo ndani ya injini ya pili ni afadhali kulinganisha na -1 waziwazi. Na usisahau kuweka ulinzi huo kwenye injini ya pili, huko hakuna kompaila wa kukusaidia.

Baada ya hapo ghala tupu litaonyesha wastani wa kilo -1. Usiirekebishe simuleta! Prosesa halisi ya RISC-V ingetoa hivyo hivyo. Wa kuulizwa ni mwanafunzi aliyegawanya bila kuangalia idadi.

dada_biti, Lindi

Nadandia hapo hapo. Nimeikompaili injini ya kwanza peke yake kwa Raspberry Pi, na ghala tupu lilitoa 0 bila kufa. Nikadhani Pi ndiyo sahihi. Pia kuna jambo jingine: kadi moja ile ile ya SD, nikiiweka kwenye Pi 4 inafanya kazi, nikiiweka kwenye Pi 5 inakataa mwanzoni kabisa na ujumbe wa "mprotect".

kusi_kaskazi, Lindi

Dada, Pi ilikosea kimyakimya, na kosa la kimya ni baya kuliko la kufa. Amri ya mgawanyo ya ARM ikipewa 0 inarudisha 0. Si -1. Kwa hiyo msimbo mmoja mbovu unaua kwenye x86 na kudanganya kwenye ARM. Rekebisho la Mvuvi linatibu zote mbili.

Ukiwa hapo tafuta kila `char` tupu kwenye msimbo wa LB, amri ya kusoma baiti moja. Kwenye Linux ya x86 char ina alama ya hasi, kwenye ARM haina. LB ya baiti 0xff itatoa 255 badala ya -1. Andika int8_t.

Pi 5: andika `getconf PAGESIZE`. Pi 4 itakuambia 4096, Pi 5 itakuambia 16384. Kadi ina keneli mbili ndani, na Pi 5 inachagua kernel_2712.img yenye kurasa za KB 16. mprotect inadai anwani iwe kigawe cha ukurasa wa mwenyeji. RejistaSifuri, ROM ya mgeni umeiweka 0x1000, sivyo? Hiyo ni kigawe cha 4096, si cha 16384, ndipo inapotoka EINVAL, kosa la anwani isiyokubalika.

Kuweka `kernel=kernel8.img` kwenye config.txt kutaleta kurasa za 4096 na tatizo litajificha. Bora kuhamishia ROM 0x10000 ili ipite hata kwenye keneli za ARM zenye kurasa za KB 64, na 4096 yoyote iliyoandikwa kwa mkono kwenye msimbo iwe `sysconf(_SC_PAGESIZE)`.

RejistaSifuri, Mtwara

Ndiyo, 0x1000. Inahamishwa leo.

Laptop sasa. Kwenye gdb niliweka `break kishika_ishara`, haifikiwi kabisa. SIGSEGV inakuja, inayofuata programu imekwisha. Kwenye mashine nyingine inafikiwa vizuri. Staki ya ishara, memori anayotumia kishika ishara, iko hivi:

`static char staki_ishara[2048]; /* MINSIGSTKSZ */`

Awali iliandikwa MINSIGSTKSZ (saizi ya chini kabisa ya staki hiyo), ikagoma kukompaili tulipoongeza _GNU_SOURCE, ndipo ikawekwa namba.

MvuviWaBiti, Mikindani

Hapo kwenye komenti ndipo maiti ilipozikwa.

Kabla keneli haijaita kishika ishara, inahifadhi kwanza hali yote ya prosesa kwenye staki uliyoipa. 1135G7 ina AVX-512, maana yake rejista 32 za zmm, kila moja baiti 64. 32 mara 64 ni 2048. Yaani rejista hizo peke yake zinajaza staki yako mpaka baiti ya mwisho, hujaweka rejista za kawaida, hujaweka taarifa za ishara. Keneli inaona haitoshi, inakuua kwa SIGSEGV nyingine, na kishika chako hakiitwi. Kwenye i5-4570 hali ya kuhifadhi ni ndogo, inaingia kwa kubanana na kubakiza nafasi kidogo. Hapo pia ulikuwa unaishi kwa bahati: ungeweka fprintf moja tu ndani ya kishika, ingeanza kumwagika juu ya data ya jirani.

Na kule kugoma kukompaili lilikuwa onyo. Toka glibc (maktaba ya msingi ya C) 2.34, ukitumia _GNU_SOURCE, MINSIGSTKSZ na SIGSTKSZ si namba tena, ni wito wa sysconf, kwa sababu saizi inategemea mashine inayoendesha. Safu ya static haiwezi kupimwa hivyo. Weka 65536 na umalize, KB 64 haimuumizi mtu.

Ukirudi kwenye gdb, andika `handle SIGSEGV nostop noprint pass`, la sivyo itasimama kwenye kila anwani mbovu ambayo simuleta imejipangia kuishika.

Kabla ya kusambaza flashi tena, jaribu prosesa ya zamani ukiwa umekaa kwenye laptop yako. Sakinisha qemu-user kisha:

`qemu-x86_64 -cpu Penryn ./rvsim sll.elf`

Penryn ndiyo familia ya E8400. Ikipita hapo kwa injini zote mbili, ni dalili nzuri kwamba AVX na BMI2 zimetoka. Haitakuonyesha tatizo la ramu GB 2 wala la kurasa, hayo yanataka mashine yenyewe.

RejistaSifuri, Mtwara

65536 imeponya laptop. Kishika kinafikiwa, jaribio la anwani mbovu linapita. Penryn inapita kwa injini zote mbili. Mizani tupu inatoa -1 kila mahali, na kwa dada_biti pia kwenye Pi zote mbili.

Mashine 23 zinatoa 0, mara 20 kwa 20. Namba 17 inatoa 0 mara 16, 139 mara 3, 132 mara 1, na pc ni tofauti kila inapokufa.

Fundi_Soketi, Mtwara

Nilisema mimi.

Vijiti viwili vya GB 1, sivyo? Chomoa kimoja, pima. Badilisha, pima. Kisha badilisha soketi, usiishie kwenye vijiti, mara nyingine meno ni mazima na soketi ndiyo imeoza. memtest86+ iache imalize mzunguko mzima walau mara 4.

RejistaSifuri, Mtwara

Vijiti vyote viwili vizima. Soketi ya pili kutoka kwenye prosesa ndiyo yenye makosa, memtest86+ inaonyesha biti ile ile moja ikigeuka kila mara. Ndani ya soketi kuna ukungu wa kijani kwenye pini tatu. Imesafishwa kwa brashi laini na spiriti, ikarudia makosa. Vijiti vimehamishiwa soketi nyingine mbili: makosa 0, rvsim 0 mara 20.